Half-Life: minyiri mitatu kisimani, mtu hupita vipi?

FundiBaridi (Tudor)

Assalam alaykum jamaa. Wasio Waislamu, habari za jioni.

Nina swali la gemu limeniganda miaka ishirini na kitu. Chekeni kwanza, halafu mnijibu.

Mwaka 2002 nilikuwa nimetoka shule, najifunza ufundi wa friji kwa ami yangu pale Mwembe Tayari, Mombasa. Ghorofa ya juu ya duka lake palikuwa na saiba ya kompyuta nane, shilingi moja kwa dakika. Asubuhi ilikuwa ya watu wa barua pepe, wengi wao wake wa mabaharia. Ikifika Alasiri, ami akishaenda msikitini, mimi na Athumani twapanda ngazi mbio. Kompyuta namba saba ilikuwa na gemu iitwayo Half-Life. CD yenyewe ya kunakiliwa, imeandikwa juu kwa kalamu "HAFLIFE", L moja ishapotea njiani.

Kwa asiyeijua: wewe ni Gordon Freeman, mwanafizikia wa miwani na kidevu chenye ndevu, umeajiriwa Black Mesa, maabara iliyochimbwa chini ya jangwa la New Mexico kule Marekani. Siku hiyo wafika kazini umechelewa. Wavaa suti ya kujikinga, rangi ya chungwa, waambiwa usukume kigari chenye sampuli ndani ya mashine. Mashine yaharibika, ukuta baina ya dunia hii na nyingine watoboka, na viumbe wa huko waanza kumiminika. Kuna wadogo wanaruka usoni kama kaa, wakikushika kichwa ndio basi. Kazi yako ni kutoka mle ukiwa hai, na silaha yako ya kwanza ni mtaimbo.

Sasa gemu hii yaanza na safari ya behewa. Dakika tano hivi wasafirishwa ndani ya maabara, huwezi kufanya lolote ila kuzunguka behewani na kuchungulia dirishani. Watu husifu sana mwanzo ule. Mimi nilikuwa nahesabu shilingi tano zinakwenda kwa kuangalia kuta! Zama zile mama wa bajia pale chini alikuwa akikujazia kiganja kwa shilingi tano.

Na hilo si tatizo kubwa. Mwenye saiba alikuwa ameziwekea kompyuta zake kitu, ukizima na kuwasha zasahau kila ulichofanya. Kwa hivyo kila siku naanza upya behewani. Kutoka behewani mpaka niliponasa ni saa mbili kwa mtu anayeijua njia, yaani shilingi mia na ishirini. Pesa hizo sikuzipata ila ami akilipwa kazi ya hoteli. Nilifika pale mara tatu tu maishani mwangu, na mara zote tatu nilifia palepale.

Mahali penyewe ni sura moja ya gemu, iitwayo Blast Pit. Ni kisima kikubwa cha kujaribia injini ya roketi. Katikati yatoka minyiri mitatu kama ya pweza, lakini mirefu kama minara, na kila mmoja nchani una mdomo mgumu wa kasuku. Kuna ngazi na njia za chuma ukutani zinazoshuka. Nimeipiga risasi, haifi. Nimekimbia, nimepigwa. Mara moja nilisimama kimya naiangalia, haikunifanya kitu, nikasema labda imelala. Nikapiga hatua mbili, mmoja ukanidonoa.

Mwaka 2003 saiba ikafungwa, kompyuta zikauzwa, kisha maisha.

Novemba 2023 mpwa wangu akanipigia: "Mjomba, ile gemu yako yatolewa bure siku chache, imetimiza miaka 25, nikuchukulie?" Nikamwambia chukua. Imekaa tangu hapo, nasema nitacheza nitacheza. Mwezi huu nimeiweka kwenye laptop ya mtumba, RAM gigabaiti 4. Athumani yuko Doha, arudi likizo mwezi ujao, na tumewekeana biriani: nikipita kisima kabla hajatua, yeye ndiye atanunua.

Basi maswali ni mawili. Kile kisima hupitwa vipi? Na je, nicheze hii ya kale au ile iliyoundwa upya?

Sitaki kutumiwa video. Nimengoja miaka ishirini, sitaki kumtazama mtoto wa watu akipita kwa dakika mbili.

---

Chokoraa_wa_Bombolulu

Mzee wangu shikamoo. Kwa heshima zote, miaka ishirini kwa kisima kimoja? 😂

Cheza Black Mesa, ile iliyoundwa upya ikapewa jina la maabara. Hiyo ya kale nyuso za watu zimechorwa kama boksi za maziwa. Black Mesa wameijenga mashabiki kutoka mwanzo hadi mwisho, ikakamilika 2020, na ile dunia ya viumbe mwishoni ni nzuri mpaka unasimama kutazama tu. Ya kale ukifika huko ni mawe yanayoelea.

---

BiKaunta

Kaka FundiBaridi, kabla sijakujibu nina swali moja. Pale saiba ulikuwa wavaa hedifoni?

---

FundiBaridi (Tudor)

@Chokoraa marahaba mwanangu. Boksi za maziwa nimezizoea.

@BiKaunta hapana. Hedifoni zilikuwa za kukodi, shilingi kumi, na sponji ya sikio moja imeng'oka. Spika mwenyewe alizificha kwa sababu ya kelele. Kwani vipi?

---

BiKaunta

Nimecheka mpaka chai imenipalia.

Kaka, mimi nilikaa kaunta ya saiba miaka minne. Si yenu, ilikuwa upande wa Buxton. Hedifoni zile nilizizungushia plasta mwenyewe kwa mkono wangu, kwa hivyo naijua sponji uisemayo. Na wavulana wa gemu walikuwa hawataki kulipa ile kumi. Walikuja kwa gemu ya Counter-Strike zaidi, ambayo nayo ilizaliwa tumboni mwa Half-Life hiyohiyo, na walikuwa wanapigiana kelele wenyewe kwa wenyewe, hawahitaji spika. Lakini jioni, watu wakishatoka, nikisubiri mwenyewe aje kuhesabu pesa, nilicheza Half-Life na hedifoni masikioni. Bure, ndiyo faida ya kaunta.

Sasa sikiza. Minyiri ile ni vipofu. Haina macho hata kidogo. INASIKIA. Kuna maskini wa Mungu pale anayekuonya kabla hujashuka, asema dude lile halioni, ila lakusikia. Wewe hukusikia onyo kwa sababu hukuwa na sauti. Ukasimama kimya, likakuacha. Ukapiga hatua, likakudonoa. Jibu ulikuwa umeshaliona kwa macho yako 2002, ila ulikuwa ukiicheza kiziwi.

Wakati wote huo minyiri inagonga vyuma kwa midomo, tonk, tonk, tonk, yapapasa kama mtu atafutaye funguo gizani. Sauti ile haijanitoka mpaka leo. Usiku nikisikia mtu agonga bomba, moyo wanidunda.

Namna ya kupita: usikimbie. Kawaida ukibonyeza kwenda mbele Gordon hukimbia, na buti za ile suti kwenye chuma zapiga kelele. Jikunyate kwa Ctrl, nenda ukiwa umejikunyata, polepole, mpaka ngazini. Ukiona mnyiri waja upande wako, simama tu. Halafu rusha guruneti mbali, ng'ambo ya kisima. Likilipuka, yote mitatu yageukia huko kupiga pale paliposikika mlio. Hapo ndipo wapita.

Lakini kupita si kuua. Lengo ni kuiwasha ile injini ya roketi iliyo juu ya vichwa vyao. Injini yataka mafuta, yataka oksijeni, yataka umeme, na vyote vimezimwa. Utashuka, uingie milango ya pembeni, uwashe kila kimoja, urudi juu kwenye chumba cha kioo, ubonyeze. Minyiri yachomwa yote.

Halafu hilo la jamaa wa chumba cha kioo uliliona? Yule mwanasayansi karibu na dirisha?

---

FundiBaridi (Tudor)

Yule aliyevutwa akatoka na kioo? Nilimwona. Nilidhani amejirusha mwenyewe.

Subhanallah. Sasa naanza kuogopa ni mangapi mengine niliyakosa. Mimi na Athumani, kwa kuwa hatukusikia neno, tulijitungia hadithi yetu. Kuna mtu wa suti na mkoba, mara umwone nyuma ya kioo, mara juu ya daraja, ukifika hayupo. Tulimwita Bwana Mkoba. Athumani aliapa yule ni mdai, Gordon amekopa akakimbia, na yote haya ni kukimbizana na deni. Hata wanajeshi tulisema wametumwa na mdai.

---

Maalim_Kisauni

Waalaykum salaam. Nafundisha kompyuta, kwa hivyo mniwie radhi nikiongea kama darasani.

Bwana FundiBaridi, hukukosa mambo madogo, ulikosa hadithi yenyewe. Gemu nyingi za wakati ule zilikuwa zinakuondoa mchezoni, zinakuwekea filamu fupi au ukurasa wa maandishi kukueleza nini kimetokea, kisha zinakurudisha upige risasi. Half-Life haifanyi hivyo hata mara moja. Kutoka behewani mpaka mwisho uko ndani ya macho ya Gordon, na Gordon mwenyewe hasemi hata neno. Kila unachoelezwa waelezwa na watu walio karibu nawe wakati unatembea, au na kipaza sauti ukutani, au na suti yako mwenyewe inayokutajia umeumia wapi. Na maandishi ya mazungumzo hayakuwako chini ya skrini. Hadithi yote iko masikioni.

Mfano wanajeshi. Wanasayansi wanakuambia tangu mapema: tujikaze, jeshi linakuja kutuokoa. Unapanda juu na matumaini hayo. Mwanajeshi wa kwanza unayemwona, mwanasayansi anamkimbilia akimshukuru, na anapigwa risasi palepale. Kwa mwenye kusikia ni kofi la uso. Wewe na Athumani mliona mtu anauawa tu. Na wanajeshi hao wana redio, wanaambiana. Ukisikiliza, utajua guruneti linakuja kabla halijadondoka. Ndiyo sababu watu walishangaa akili yao: wanazunguka, wanakutoa mafichoni, hawakungojei kama mabango ya shabaha.

Kampuni ya Valve iliyoiunda ilianzishwa 1996 na Gabe Newell na Mike Harrington, wote wawili wametoka Microsoft. Hii ndiyo gemu yao ya kwanza. Msingi wa programu waliuchukua kwa leseni kutoka kampuni ya id Software, ule wa gemu yao Quake, kisha wakaufumua sana. Ilitarajiwa itoke mwishoni mwa 1997. Walipoitazama hawakuridhika, wakabomoa sehemu kubwa na kujenga tena, ikatoka Novemba 1998. Sauti na muziki ni kazi ya Kelly Bailey. Hadithi ilishikwa na Marc Laidlaw, ambaye alikuwa mwandishi wa riwaya kabla ya hapo.

Kitu kimoja cha kuwafurahisha wewe na mwenzako wa Doha: Bwana Mkoba na wale walinzi wa sare za bluu wanaokuchangamkia milangoni ni koo la mtu mmoja, Michael Shapiro. Sikiliza vizuri halafu uniambie kama ungeweza kujua.

Juu ya ipi ucheze, namuunga mkono kijana kwamba Black Mesa imejengwa kwa mapenzi. Lakini kwa laptop ya gigabaiti 4 utakuwa umenunua jiko. Ya kale ilipotoka ilikuwa yataka Pentium ya megahezi 133 na RAM megabaiti 24. Laptop yako itaicheza huku inasinzia.

Na dada BiKaunta, guruneti si lazima. Ukijikunyata tangu mwanzo wapita bila kurusha hata moja. Wanafunzi wangu huyamaliza yote kisimani, wakifika mbele kwa wanajeshi wanalia.

---

BiKaunta

Maalim, nani alisema ni lazima? Nilisema rusha. Yeye ana miaka zaidi ya ishirini ya uoga na ile minyiri, mwache arushe kitu moyo utulie. Wewe wapita kwa elimu, sisi wa kaunta twapita kwa fujo.

---

Chokoraa_wa_Bombolulu

Mimi nilijua ni vipofu kwa sababu niliona kwenye video 😂 Lakini nakubali, mzee, pita ya kale kwanza. Nikuambie tu, ukishamaliza nenda Black Mesa, kisima kimo pia.

Maalim, ni kweli Ujerumani wanajeshi waligeuzwa roboti?

---

Maalim_Kisauni

Kweli. Toleo la Ujerumani liliwekewa roboti badala ya wanajeshi, kwa sababu ya sheria zao juu ya ukatili kwenye gemu. Unampiga mwanajeshi, zinatoka skrubu.

---

FundiBaridi (Tudor)

Nimerudi. Ilikuwa usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Watoto wamelala, mama watoto ameniachia kahawa kwenye chupa na ameniambia nikipiga kelele nitalala sebuleni. Nikanunua hedifoni Marikiti, mia tatu na hamsini, sponji zote mbili zipo.

Nitawaambia la behewa kwanza, maana hilo silo nililolitarajia.

Behewa linaanza tu, mwanamke anaongea. Mara nyingi nimepanda behewa lile sikujua kuna mtu anaongea! Anakukaribisha kazini, anakutajia saa, ni tatu kasorobo na dakika mbili hivi asubuhi. Halafu anakupa hali ya hewa: juu jangwani ni nyuzi 93 za Fahrenheit na zitafika 105. Na ndani ya maabara, asema, hewa imewekwa kwenye nyuzi 68 saa zote.

Jamani. Mimi ni fundi wa AC. Nikasimamisha gemu nikachukua kalamu. 93 ni kama 34 za Selsiasi. 68 ni 20. Juu kiangazi cha jangwa, chini mji mzima wa maabara, watu, mashine, mitambo ya kuchemsha sijui nini, na unaushikilia kwenye 20 mwaka mzima? Mitambo ya kufanya kazi hiyo iko wapi? Nani anaihudumia? Mimi hoteli moja ya vyumba arobaini pwani hapa yanitoa jasho Januari nzima. Kuanzia hapo kila kwenye mfereji wa hewa Gordon anapoingia, na huingia kwingi, mimi naangalia kazi ya fundi. Mifereji yao ni mipana mno. Lakini hakuna kutu.

Nikaenda polepole. Nilisimama kwa kila mwanasayansi nikambonyeza aongee. Wengi ni waoga, wengine wajuaji, kuna mmoja anamlaumu Gordon kwa yote. Mlinzi mmoja nilitembea naye mpaka mlango wa pili, akanipa mgongo akipiga risasi, alipouawa nilisikitika kweli. 2002 wale walikuwa sanamu.

Na yule mwanajeshi wa kwanza, Maalim, nilijua, umeshaniambia, na bado nilishtuka.

Kisimani nikafika saa saba usiku. Kabla hata sijafungua mlango naisikia. Tonk. Tonk. BiKaunta Mungu akupe afya, hukuniambia kwamba yasikika kutoka nje. Nikajikuta mimi mwenyewe kwenye kiti nimebana pumzi, kana kwamba itanisikia Tudor.

Nikajikunyata. Njia ya juu nikapita. Ngazi ya kwanza nikashuka. Mnyiri mmoja ukaja mpaka mbele ya uso wangu, mdomo wake pale pale, ukagonga chuma mara mbili, ukasimama. Nami nimesimama. Wallahi tulisimama hivyo dakika nzima. Kisha ukaondoka.

Hapo ndipo simu yangu ikalia. Mteja, saa saba na nusu, friji la samaki limezimika. Nikaruka, mkono ukagonga kibodi, Gordon akakimbia hatua tatu. Mnajua kilichotokea.

(Friji lilikuwa plagi imechomoka. Mwanawe aliichomoa achaji simu.)

Nikarudi. Mara ya pili nikamsikiza BiKaunta si Maalim, nikarusha guruneti. Loo, minyiri yote mitatu ikaipigapiga ng'ambo kule kama wanawake wanaotwanga kinu kimoja, na mimi huyo nikateremka. Nilirusha mengine mawili yasiyohitajika, kwa raha tu. Maalim usinikemee.

Sasa nije kwa kitu ambacho hakuna hata mmoja wenu alinitajia, na sijui kwa nini, maana ndicho kizuri kuliko vyote. Lile feni! Ndani kule kuna feni kubwa kama chumba, limelala chini likitazama juu. Kitufe chake kiko chini ya mapanga. Nikabonyeza, halafu ni kupanda ngazi mbio utoke kabla mapanga hayajashika kasi, ama utakatwa. Nimetoka. Likashika kasi. Ule mlio wa mota ikipanda, kwanza unaguna, halafu unalia, halafu unatulia kwenye sauti moja, mtu aliyeurekodi alisimama karibu na mota ya kweli, au kama hakusimama basi ana kipaji. Na upepo wake ukaninyanyua juu, mimi mzimamzima na suti yangu ya chungwa. Nilishuka nikapanda tena mara tatu. Mota ile ukiileta kwangu nitakuambia bearingi yake nzima.

Mafuta, oksijeni, umeme, nikawasha. Nikarudi juu na kujikunyata. Chumba cha kioo. Nikabonyeza.

Nilivua hedifoni sikio moja nisije nikapiga kelele nikalala sebuleni. Moto ukashuka, minyiri ikalia mlio ambao sijawahi kuusikia, ikateketea. Halafu kimya. Ile tonk tonk haipo. Nilikaa kwenye kile kimya muda, kahawa imepoa.

Nikampigia Athumani saa tisa usiku, Doha na Mombasa saa ni moja, akapokea akidhani kuna msiba. Nikamwambia: ni vipofu. Akasema nani? Nikamwambia wale wa kisimani, ni vipofu, walikuwa wanatusikia. Akanyamaza, kisha akaniambia, "Kwa hivyo ile siku uliyosimama..." Nikamwambia ndiyo.

Bado anashikilia kwamba Bwana Mkoba ni mdai. Na mimi baada ya kumsikia anavyoongea sina hakika kwamba amekosea. Nilimsikiza na mlinzi pia, Maalim, nikarudia mara mbili. Sikuweza kujua ni koo moja.

Biriani itakuwa ya mbuzi. BiKaunta na Maalim, mkiwa mjini mwezi ujao niandikieni sirini. Chokoraa na wewe, njoo na njaa.

Lakini jamani nimepanda kutoka kisimani, nimeingia sura ya pili yake, na kuna jitu. La bluu, refu kama ghorofa, mikono yatoa moto. Wanajeshi walikuwa wanapigana nalo, sasa hawapo. Nimelipiga risasi zote nilizobaki nazo, hata halikugeuka kunitazama vizuri. Je, hili nalo ni kipofu?

---

Maalim_Kisauni

Hili linaona.

---

BiKaunta

Acha risasi, kaka. Likimbie. Kuna chumba cha jenereta, washa umeme kwanza, halafu lile jitu likufuate mpaka kwenye zile nguzo mbili za shoti. Umeme si ndio kazi yako?

Na hapa kimbia. Usijikunyate.